TUJUE SHERIA: Tulipatana juu ya kitu gani?

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linaloharibu urafiki wa watu wengi katika nchi yetu ya madini. Si wizi, na si udanganyifu. Ni mapatano ambayo watu wawili waliyafanya kwa moyo mzuri, kisha wakagundua kwamba wote wawili walikosea.

Siku moja nilikuwa Alunguli, pale kwenye mitumbwi, nikingoja kuvuka Lualaba ili nirudi Kasuku. Mbele yangu wanaume wawili walikuwa wakigombana juu ya gunia. Mmoja alikuwa ametoka Kalima. Mwingine, mume wa dada yake, ni mnunuzi wa madini, yule tunayemwita negosia. Majuma mawili mbele ya siku ile, huyu alinunua kwa yule kilo 40 za kasiteriti, dola 8 kwa kilo moja, jumla dola 320. Walipima kwenye balansi, wakapeana mikono, wakala pamoja. Lakini mali ilipofika kwenye kontwari, wapimaji walisema: "Humu kasiteriti ni kidogo. Nyingi ni ilmeniti, mchanga mweusi wenye chuma. Hatuinunui."

"Shemeji, umeniibia!" alipiga kelele mnunuzi. "Rudisha makuta yangu, ama twende polisi sasa hivi!"

"Miye sikukuibia," akajibu mwingine. "Nilikuuzia kile nilichokijua. Na weye mwenyewe uliiangalia kwa macho yako. Makuta yamekwisha, mtoto alikuwa hospitali."

Watu walikusanyika. Nusu walisema: "Aliyeuza ni mwizi." Nusu walisema: "Aliyenunua alikuwa na macho, anyamaze." Miye nilisikiliza, nikaona kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli. Njo pale sheria inapokuwa na kazi.

1. Mapatano yanazaliwa namna gani?

Sheria yetu ya mapatano ni ya zamani sana. Ilitiwa sahihi tarehe 30 Julai 1888, wakati babu wa babu zetu walikuwa bado vijana, na mpaka leo ndiyo inayotumika katika tribinali zetu. Kifungu chake cha 8 kinataka mambo manne ili mapatano yawe na nguvu: kwanza, mwenye kujifunga awe amekubali, pili, awe na uwezo wa kujifunga, maana yake si mtoto wala mtu asiye na akili timamu, tatu, kuwe na kitu kinachojulikana, nne, sababu ya mapatano iwe halali.

Wengi wanafikiri kwamba pasipo karatasi hakuna mapatano. Si hivyo. Uuzaji umekwisha kufanyika pale watu wawili wanapopatana juu ya kitu na juu ya bei, hata kama kitu hakijatolewa na makuta hayajalipwa. Karatasi ni kwa ajili ya ushahidi, siku moyo wa mtu unapogeuka. Na mapatano yakisha kuzaliwa vizuri, kifungu cha 33 kinasema kwamba ni sheria kwa wale walioyafanya. Hayavunjwi na mmoja peke yake kwa sababu ameamka na majuto.

Sasa angalieni vizuri. Kama mapatano yana nguvu ya sheria, ni kwa sababu gani? Ni kwa sababu watu wawili walikubali kitu kimoja. Je, kama kile walichokikubali hakikuwepo hata kidogo ndani ya gunia, walikubali nini?

2. Kukubali kwenye ugonjwa

Kifungu cha 9 kinataja magonjwa matatu yanayoharibu kukubali kwa mtu: kosa, nguvu na udanganyifu.

Nguvu inajulikana: mtu anakubali kwa sababu ametishwa. Udanganyifu nao unajulikana: mtu anaweka mchanga wa mto chini ya gunia na mali safi juu, kusudi mwenzake asione. Huyu ana hila moyoni. Lakini udanganyifu haudhaniwi, lazima uhakikishwe. Kusema "nina hakika alijua" hakutoshi mbele ya mwamuzi.

Kosa ni jambo lingine. Kosa ni pale mtu anapoamini kwamba kitu kiko hivi, kumbe kiko vile. Hakuna hila. Yule wa Kalima aliamini kwamba ana kasiteriti. Shemeji yake aliamini vilevile. Mchanga mweusi na mzito unadanganya hata macho ya mzee wa kazi: kasiteriti, koltani, ilmeniti, na ile nyingine inayovutwa na sumaku, zote zinatoka katika mto mmoja na karai moja.

3. Kosa gani linavunja mapatano?

Si kila kosa. Kama kila kosa lingevunja mapatano, hakuna mtu angelala akiwa na hakika ya kile alichouza mchana. Kifungu cha 10 kinasema kwamba kosa linaharibu mapatano kama linahusu kiini cha kitu chenyewe, yaani ile hali ambayo bila yake watu wasingepatana. Tutazame mifano.

Umenunua gunia la kasiteriti, kumbe ni ilmeniti. Hilo ni kosa juu ya kiini. Kasiteriti ni jiwe la bati, na ni bati hiyo mnunuzi anayoitafuta. Ilmeniti haina bati. Ni kama mtu aliyenunua chumvi akapewa mchanga mweupe.

Umenunua kasiteriti, na ni kasiteriti kweli, lakini bati yake ni kidogo kuliko ulivyotumaini. Hapa inategemea maneno yenu. Kama mlisema wazi "mali ya kipimo hiki", na kipimo hakikufika, unaweza kudai. Kama hamkusema kitu, ukaangalia mwenyewe, ukatoa bei yako, ni vigumu kulalamika. Hayo ni mahesabu yako ya biashara.

Umenunua leo, kesho bei imeanguka. Hilo si kosa mbele ya sheria. Wazee wa Punia na Kalima wanakumbuka koltani: mwishoni mwa mwaka 2000 bei ilipanda kama moshi, watu wakaacha mashamba na masomo, na mwaka 2001 ikaanguka. Wengi walikuwa wamenunua kwa bei ya juu. Mali ilikuwa koltani kweli, ile ile waliyoitaka. Walichokosea ni kesho, na kesho si kitu kilichouzwa.

Umekosea juu ya mtu. Kwa kawaida hilo halivunji kitu. Anayekuuzia mihogo, awe huyu au ndugu yake, mihogo ni ile ile. Lakini kama ulimtafuta fundi fulani kwa ajili ya ujuzi wake, akaja mwingine mwenye jina linalofanana, hapo mtu ndiye aliyekuwa sababu kubwa ya mapatano, na kosa lina nguvu.

Tena, waamuzi wanaangalia kama kosa lako linasameheka. Mama wa soko anayenunua gunia lake la kwanza na negosia wa miaka 20 hawapimwi kwa balansi moja. Aliyekuwa na njia ya kupima akaacha kwa uvivu, asitegemee sana huruma ya tribinali.

4. Jiwe la kisimani na ng'ombe tasa

Mambo haya hayakuanza kwetu. Marekani, mwaka 1876, watu waliokuwa wakichimba kisima katika kijiji cha Eagle, jimbo la Wisconsin, walipata jiwe la manjano. Mama mmoja, Clarissa Wood, alilitunza. Mwaka 1883 alilipeleka kwa sonara. Hakuna kati yao aliyejua ni jiwe gani, wakafikiri labda ni topazi. Alimuuzia kwa dola 1. Baadaye ikajulikana kwamba ni almasi, yenye thamani ya dola 700 hivi ikiwa bado haijachongwa. Mama alirudi na dola 1 na senti 10 za faida, akaomba jiwe lake. Sonara akakataa. Mwaka 1885 tribinali kubwa ya jimbo ilisema: uuzaji unasimama. Hakuna aliyedanganya, na wote wawili walijua kwamba hawajui. Anayeuza kitu asichokijua, bila kuuliza zaidi, amekubali kujitia katika bahati.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1887, katika jimbo la jirani, Michigan, ilikuja kesi ya ng'ombe. Mwenye ng'ombe na mnunuzi waliamini kwamba ni tasa, wakapatana bei ya nyama, karibu dola 80. Mbele ya kumtoa, ikaonekana kwamba ana mimba, na ng'ombe wa aina ile mwenye kuzaa alikuwa na thamani ya dola 750 au zaidi. Tribinali ikasema: ng'ombe tasa na ng'ombe wa kuzaa si kitu kimoja. Walipatana juu ya ng'ombe ambaye hakuwepo. Kwa kosa la namna hiyo, mwenyewe ana haki ya kukataa kumtoa.

Sheria za Wamarekani si zetu, na hata wao wanabishana mpaka leo kama kesi hizi mbili zinapatana. Lakini zinatusaidia kuona tofauti. Mtu anayesema, "Sijui ni nini, nipe tu dola 1," amekubali kutojua. Mtu anayesema, "Hii ni kasiteriti," na mwenzake akasema, "Ndiyo, ni kasiteriti," hawa hawakucheza bahati. Walisimama pamoja juu ya daraja, na daraja halikuwepo.

5. Neno moja, vitu viwili

Kuna kosa lingine dogo linaloleta vita vikubwa: watu wanatumia neno moja, kila mmoja ana kitu chake kichwani. Huko kwenye dhahabu watu wengine bado wanapima kwa njiti za kiberiti au kwa sarafu za zamani. Lakini njiti yako si njiti yangu. Mmoja anasema "bei ya njiti tano" akiwaza njiti zake, mwingine anakubali akiwaza njiti nyingine. Midomo imepatana, mioyo haikupatana.

Ndivyo ilivyo kwa parseli. Mwenye kuuza anaonyesha kwa mkono "pale karibu na mwembe", na miembe iko miwili. Tena kumbukeni kwamba kwa sheria ya 20 Julai 1973 udongo wote ni mali ya Leta. Unachonunua ni nyumba na haki aliyopewa mwenye parseli, si udongo wenyewe. Basi mbele ya kulipa uliza: "Haki yako ni ya namna gani? Karatasi yako inasema nini?" Kuuliza si ujinga.

6. Turudi kwa mashemeji wawili

Wangefanya nini? Mnunuzi alitaka polisi. Lakini polisi na parke ni kwa ajili ya makosa ya jinai. Ulaghai ni kosa la jinai, na kitabu cha adhabu kinatoa kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 5. Lakini unahitaji hila, na hapa hila haikuonekana. Kumtupa mtu katika kasho kwa sababu mapatano hayakwenda vizuri si haki. Nchi yetu, wakati ilipoitwa Zaire, ilijifunga mwaka 1976 katika mapatano ya mataifa yanayokataza kumfunga mtu kwa sababu tu hawezi kutimiza mapatano. Tena, mtu aliye kasho hachimbi, hauzi, halipi.

Njia ya sheria ni tribinali. Mapatano yenye kosa hayafi yenyewe. Lazima mwamuzi aombwe ayavunje, na mwenye kuomba ndiye anayeleta ushahidi. Yakivunjwa, kila mtu anarudisha alichopokea: huyu gunia, yule makuta. Angalieni neno hilo, gunia. Kama mnunuzi amekwisha kumimina mali ile pamoja na ya watu wengine watano, atarudisha nini? Na atahakikisha namna gani kwamba ilmeniti ilitoka kwa shemeji na si kwa mwingine? Wengi wanapoteza haki yao pale pale, kwenye sakafu ya depo, mbele ya kufika tribinali.

Kuna jambo lingine la kusema bila kuficha. Kodi ya madini ya 11 Julai 2002, iliyogeuzwa tarehe 9 Machi 2018, inataka mchimbaji awe na karte na awe ndani ya koperative, na mnunuzi awe na karte yake. Kumbukeni sharti la nne la mapatano: sababu halali. Wanaofanya biashara gizani wasishangae kama mlango wa tribinali ni mwembamba kwao. Na wafanya biashara wajue pia kwamba tangu 12 Septemba 2012 nchi yetu iko ndani ya umoja wa OHADA, wenye sheria zake juu ya uuzaji kati ya wafanya biashara.

Lakini kuna njia fupi kuliko zote, na iko ndani ya kifungu kile kile cha 33. Mapatano hayavunjwi na mmoja, lakini yanaweza kuvunjwa na wote wawili wakikubaliana. Midomo miwili iliyofunga fundo inaweza kulifungua. Haihitaji avoka, haihitaji mwamuzi, haihitaji kupoteza miezi.

Pale kando ya mto, mzee mmoja aliyekuwa akingoja mtumbwi kama sisi aliwauliza swali moja tu: "Siku ile mlipopeana mikono, mlipatana juu ya kitu gani?" Wote wawili wakajibu pamoja: "Kasiteriti." Mzee akasema: "Basi hamkugombana. Mlikosea pamoja." Walikaa chini juu ya gunia. Mnunuzi, kwa bahati njema, hakuwa amechanganya mali. Wakapatana kwamba ile kasiteriti kidogo iliyomo itasafishwa, ipimwe, ikatwe katika deni. Makuta yaliyobaki yarudishwe kwa mara tatu, kwa sababu yalikwenda hospitali na si kwenye pombe. Waliomba kalamu. Nikawapa yangu, wakaandika nyuma ya karatasi ya daftari, watu wawili wakashuhudia. Tulivuka katika mtumbwi mmoja.

7. Mashauri kwa wenye kununua na kuuza

Andikeni jina la kitu, si bei tu. "Nimepokea dola 320" haisaidii kitu. "Nimepokea dola 320, bei ya kilo 40 za kasiteriti" inaweza kuokoa nyumba yako.

Pimeni mbele ya kulipa. Pitisha sumaku. Kasiteriti safi haivutwi nayo. Jaza kikombe kimoja na mali unayoijua, kisha kikombe kile kile na mali mpya, ulinganishe uzito. Kasiteriti ni nzito karibu mara 7 kuliko maji, ilmeniti haifiki mara 5. Hii si maabara, lakini itakuamsha. Mkiwa na shaka, wekeni kipimo kidogo katika mfuko, mfunge, mtie sahihi wote wawili, kisha mpeleke kwa wenye maabara.

Semeni shaka yenu kwa sauti. Kama hujui, sema "sijui", na mwandike nani atabeba hasara mali ikiwa nyingine.

Msichanganye gunia mpaka limepimwa na kukubaliwa.

Na kosa likionekana, usikawie. Mwambie mwenzako siku hiyo hiyo, mbele ya mtu mwingine. Anayejua kosa akanyamaza, akaendelea kutumia mali, ataonekana kwamba ameikubali jinsi ilivyo.

Wazee walituonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mimi naongeza: wakati mwingine hata mwenye gunia hajui kama ndani ni mbuzi. Fungueni pamoja, mtazame pamoja, kisha mpatane.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa:

1. Je, nyumbani kwetu tumewahi kumwita mtu mwizi, kumbe tulikosea pamoja naye?

2. Mama ameuza jiwe asilolijua kwa franga kidogo, na baadaye linaonekana la bei kubwa. Ninyi mngekuwa waamuzi, mngesema nini?

3. Karatasi tulizo nazo katika sanduku, za parseli, za deni, za mali, zinataja kitu chenyewe, ama zinataja makuta tu?

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya dhamana: unapotia sahihi kwa ajili ya deni la mwingine, unajifunga mpaka wapi?